Jina la Tatu Katika Mkataba

Ukungu wa Septemba ukishashuka kwenye bonde lile hauondoki kwa kuombwa. Tangu alfajiri ulikuwa umelala juu ya makaburi ya kanisa, na ndani yake Meurig Probert alikuwa amepiga magoti, suruali imemlowa chepechepe, akikwangua kuvu kwenye jiwe la kaburi kwa kisu chake cha tumbaku. Herufi zilijitokeza moja moja, kwa uvivu. Kondoo alilia mahali fulani, juu au chini, mbali au karibu, nani ajuaye. Meurig alishtuka kuona kisu kimesimama hewani na yeye anasikiliza tu, hajui kwa muda gani.

"Vipi, umemaliza kumnyoa marehemu?"

Alikuwa Guto, mchimba makaburi, mzee mfupi, koleo begani, anatokeza ukunguni miguu kwanza.

"Bado kidevu," akajibu Meurig.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, na kazi rahisi zilimtia Meurig wasiwasi. Alikuwa sajenti wa polisi miaka kumi na miwili kabla ya kuanza upelelezi wa kukodiwa, na katika miaka hiyo kila aliyemwambia "ni jambo dogo tu" alikuwa na lake. Safari hii aliyesema hivyo ni Bwana Hartnoll, Mwingereza, wakala wa mwenye ardhi. "Nenda, nakili kaburi la Lewis Morris, rudi. Ni jambo dogo tu."

Shamba la Hafod Wen, kule juu, lilikodishwa mwaka 1806 kwa mkataba wa roho tatu. Ndiyo desturi ya zamani ya nchi ile ya Wawelisi: mkataba hautaji mwaka wa mwisho, unataja watu watatu, na madhali mmoja wao anapumua, shamba haliguswi. Roho ya kwanza, Hywel Prys, ilikatika zamani. Ya pili, mwanawe Edward, ilikatika Februari hii akiwa na miaka sabini na minane. Ya tatu, kwa maneno ya Hartnoll, ndiyo hii iliyolala chini ya magoti ya Meurig. Jiwe likishanakiliwa, Lowri binti Edward angetoka Hafod Wen siku ya Malaika Mikaeli, yaani siku kumi na moja zijazo, na kondoo wa mwenye ardhi wangelala palipokuwa na jiko lake.

Meurig akapangusa jiwe kwa kiganja, akasoma kwa sauti. "Lewis Morris, wa kinu cha maji. Alifariki Novemba 1861. Umri, miaka arobaini na tisa."

Aliandika. Kisha penseli ikasita. Akahesabu kichwani, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwenye karatasi maana hesabu za kwenye ukungu si za kuaminika. Jibu lilikuwa lile lile: 1812.

"Mzee Guto, jiwe hili halidanganyi umri?"

"Lidanganye kwa faida ya nani? Alichonga kaka yangu, na shimo nilichimba mimi mwenyewe. Tulizaliwa mwaka mmoja, mimi na Lewis. Mimi nina miaka sabini na miwili, haya, hesabu."

"Nimehesabu. Kuna Lewis Morris mwingine?"

"Bonde hili? Hakuna. Wa Morris ni huyo mmoja. Muulize umtakaye, mpaka mbwa watakwambia."

Meurig akainuka, magoti yakalia. Mtoto hawezi kuandikwa kwenye mkataba miaka sita kabla hajazaliwa; hata mawakili hawajafika huko. Basi ama jiwe limekosea, ama Hartnoll. Jiwe, angalau, halikuwa na haraka ya shamba.

Angeweza kurudi mjini na nakala yake, akanyamaza. Kazi aliyotumwa ilikuwa imekwisha. Badala yake akapanda mlima.

Njia ilipita kati ya kuta za mawe makavu, na ukungu ukamwachia hatua tano mbele na tano nyuma. Maji yalitiririka chini ya majani, yasionekane. Baada ya nusu saa alianza kuhisi kwamba yeye hatembei, ila mlima ndio unaopitishwa polepole chini ya buti zake. Akasikia kinubi. Alidhani ni masikio yake. Akapanda zaidi, kinubi kikazidi, na mlango ukasimama mbele yake bila nyumba. Nyumba ilifuata baadaye, ukuta kwa ukuta.

Aliyefungua ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mikono ya shati imekunjwa, nyasi kavu zimemnasa kwenye nywele. Nyuma yake sahani zilikuwa nusu zimepangwa kwenye makasha yenye nyasi.

"Wewe ndiye mtu wa Hartnoll?"

"Ndimi, mama. Meurig Probert."

"Basi futa miguu. Nyumba hii bado yangu siku kumi na moja."

Alifuta miguu. Lowri alimwangalia akifuta mguu mmoja mpaka mwingine, kisha akamsukumia kiti, mtindi, na mkate wa oti uliopakwa siagi nene. Kumchukia mtu ni jambo moja, kumwacha na njaa ni jambo jingine, na watu wa kule hawachanganyi.

Pembeni ya moto alikaa mzee mrefu, mkavu, kinubi kati ya magoti, vidole vinatembea kwenye nyuzi bila yeye kuvitazama. Alikuwa mshairi, na jina lake la mashindano lilikuwa Eos, ndege yule aimbaye gizani. Bonde zima lilimwita Eos. Labda hata Mungu.

"Usimjali," alisema Lowri. "Kila akija mgeni hupiga polepole, ili asikie maneno yote."

"Uongo," alisema mzee. "Maneno nayasikia hata nikipiga kwa nguvu."

Meurig akatoa daftari. "Bi Lowri, katika ukoo wenu kuna aliyeitwa Lewis?"

"Hakuna. Sisi ni kina Hywel, kina Edward, kina Rhys. Kina Lewis si wetu."

"Baba yako hakuwahi kumtaja mtu wa tatu wa mkataba?"

"Baba ukimtajia mkataba alikuwa anakwenda kuangalia kondoo. Hata kama ametoka kuwaangalia sasa hivi."

"Mkataba wenyewe umewahi kuuona?"

"Niuone wapi? Nakala yetu iliungua na dari mwaka arobaini na saba. Hartnoll alikuja hapa Machi, akasimama hapo ulipokaa, akasema: wa tatu ni Lewis Morris, je, yu hai? Nikamwambia Lewis Morris wa kinu tumemzika zamani, tukala na maandazi. Nilisema kweli, na ile kweli ndiyo inayonitoa nyumbani kwangu." Akatia sahani kashani kwa nguvu. "Nimezaliwa chumba cha juu hapo. Nilidhani nitafia hapo hapo. Haya, andika."

Meurig hakuandika. Alimwona anavyozigeukia sahani ili asionekane uso, na ilimuuma.

"Pole, mama."

"Pole haiezeki paa." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na huyu mzee nitamvushaje mlima, na kifua chake hicho? Baba alimlea kama yai. Theluji ikianguka tu, baba anafunga mlango, ufunguo mfukoni, Eos asitoke. Mimi bintiye natumwa zizini!"

"Wivu huo," alisema mzee. "Wa miaka ishirini na minane."

"Ulikuja hapa mwaka gani, mzee?" aliuliza Meurig.

"Hamsini na sita. Nilikuwa mswagaji ng'ombe, nikiwapeleka mpaka London kwa miguu. Reli ikaja, ng'ombe wakapanda gari, mimi nikabaki na fimbo. Edward akanikuta sokoni Bala nimekaa juu ya ukuta. Hakuniuliza kitu. Alisema, twende, uji unapoa. Sisi ndugu wa ziwa moja, bwana. Mama yake hakuwa na maziwa, akanyonyeshwa na mama yangu." Akapiga nyuzi mbili tatu. "Sasa niulize mimi. Mwana wa nani wewe?"

"Meurig Probert."

"Hilo si jibu. Mwana wa nani?"

"Wa Thomas Probert."

"Na babu?"

"Charles Probert. Sote ni Probert, tangu zamani, kule mpakani."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, na Lowri akaja kumpiga mgongo. "Maskini ya Mungu! Thomas, Charles, na wewe, wote baba yenu mmoja? Huyo Robert alizaa mpaka lini?"

"Robert gani?"

"Ala! Mtu mzima, na kofia ya mjini, jina lake halijui. Probert ni bin Robert, mwanangu. Zamani alikuwako mtu, tuseme Siôn, baba yake Robert. Akafika mbele ya karani. Jina? Siôn bin Robert. Karani akaandika. Wino ukakauka, na jina nalo likakauka. Mtoto wa Siôn, ambaye Robert alikuwa babu yake, akaandikwa bin Robert. Mjukuu, bin Robert. Mpaka wewe, ambaye hujui hata alikuwa na ndevu au hana."

Meurig akakaa na mkate mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na tatu. Jina lile alikuwa amelitia sahihi kwenye hati za kukamatia watu, kwenye cheti cha ndoa, na halikuwahi kuwa kitu zaidi ya sauti. Sasa kulikuwa na mtu ndani yake. Alimwona, au alidhani anamwona, akitembea ukunguni na mgongo umemgeukia, na nyuma yake watu wengine wengi kwa safu, kila mmoja ameshika joho la aliye mbele.

"Huyo Robert alikuwa bin nani?" aliuliza taratibu.

"Hilo karani hakuuliza. Huku milimani sisi tulichelewa kukauka. Mtoto hubeba jina la baba, baba hubeba la babu. Likifika kwa mjukuu limeshadondoka njiani. Siku hizi vijana wameanza mtindo wenu, lakini sisi wazee, wapi."

Kinubi kikaendelea. Moto wa udongo wa kinamasi hautoi miali, unatoa harufu na usingizi, na Meurig alikuwa anasinzia kweli pale wazo lilipomjia. Lilikuja bila kelele, likakaa kando yake. Hartnoll alikuwa na jina lililokauka. Yeye mwenyewe pia. Wote wawili waliusoma mkataba kwa macho makavu.

"Mzee. Lewis Morris wa kinu. Morris alikuwa nani wake?"

"Baba yake. Sasa awe nani?"

"Na Lewis ambaye baba yake ni Robert Morris, nyinyi mngemwita Lewis Morris?"

"Tumwite kwa babu yake? Kwani baba hana jina?"

Meurig akaweka mkate chini. Akatoa mfukoni nakala ya mkataba aliyopewa na Hartnoll, akaifungua juu ya meza, mbali na mtindi. "Wa kwanza, Hywel Prys, mpangaji. Wa pili, Edward, mwana wa huyo Hywel. Wa tatu, Lewis, mtoto mchanga wa Robert Morris, mchunga kondoo wa Bwlch."

Kinubi kikanyamaza.

Lowri akageuka na sahani mkononi. Mzee alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi zote.

"Soma tena," alisema.

Akasoma tena. Na hapo sajenti akaamka ndani ya Meurig, maana hakuna ushahidi mbaya kama ule aliotiwa mtu mdomoni.

"Mzee, mimi sisemi kitu. Nauliza, wewe unajibu. Mwana wa nani wewe?"

Mzee akafumba macho. Sauti iliyotoka haikuwa ya kujibu, ilikuwa ya kusoma, vile wazee wa kule walivyofundishwa magotini kwa mama zao kabla ya kufundishwa sala. "Lewis bin Robert bin Morris bin Lewis bin Gruffudd bin Einion bin Tudur bin Cadwgan wa Bwlch." Majina yalipita jikoni moja baada ya jingine, na Meurig aliona kama mlango uko wazi na watu wanaingia kuota moto.

"Mama?"

"Sioned."

"Umezaliwa wapi, lini?"

"Bwlch. Nyumba ile imebaki mawe. Mwaka elfu moja mia nane na tano, wakati wa kukata nyasi."

"Baba yako kazi yake?"

"Alichunga kondoo wa Hywel Prys." Akafumbua macho. "Hywel alizika watoto watatu mfululizo. Mkataba ulipoandikwa amebakiwa na Edward peke yake. Nadhani alitafuta mtoto mwingine aliyeonekana hafi upesi. Mimi surua ilinipitia wiki moja tu."

"Kesho nitalifungua daftari la ubatizo la kanisa. Likikubaliana na hayo, imekwisha." Meurig alikuwa akiandika haraka sasa. "Hakuna aliyesema uongo, ndilo la ajabu. Hartnoll alifupisha kwa mtindo wa Kiingereza, akasema Lewis Morris. Nyinyi mkasikia Kiwelisi, Lewis wa Morris, mkamwonyesha kaburi la msaga unga. Bonde zima likaapa kweli tupu, na kweli yote ikaenda kwa mtu siye."

Lowri hakuwa akisikiliza. Sahani ilikuwa imemtoka mkononi ikaangukia nyasi, haikuvunjika. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, amemshika mzee mabega. "Ni wewe! Miaka yote hii, ni wewe! Ndiyo maana baba alikuwa anakufungia ndani siku za theluji! Ndiyo maana daktari kila ukikohoa! Ndiyo maana..."

Akajisikia alichosema, lakini neno likishatoka halirudi.

Mzee akaiondoa mikono ya Lowri begani, polepole, mmoja kisha wa pili. Akaegemeza kinubi ukutani. "Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani ni ule uji." Akachukua fimbo, akatoka, na ukungu ukamfunika kabla ya hatua ya sita.

"Nimefanya nini?" alisema Lowri. "Ee Mungu wangu, ulimi huu!"

"Lete koti lake," alisema Meurig, akatoka mbio.

Alimkuta kwenye ukuta wa mawe wa malisho, ameuegemea, anatazama mahali ambapo siku ya jua pangekuwa na bonde.

"Ukiniambia nirudi ndani nitakohoa makusudi," alisema mzee bila kugeuka.

"Sikuja kukurudisha. Nina swali moja la kazi. Mtu anayetunza mali, kwa uzoefu wako, hufanya nini?"

"Sijawahi kuwa na mali."

"Mimi nimewachunguza wengi wenye nazo. Huandika. Edward kama alikuweka kwa ajili ya mkataba, angekupeleka kwa hakimu mwaka ule ule wa hamsini na sita, ukaapa, ukatia sahihi, karatasi ikafungiwa. Angalau angemwambia binti yake akiwa kitandani. Je, alikufa ghafla?"

Mzee akatikisa kichwa. "Wiki tatu. Na akili zake timamu."

"Wiki tatu, na asimwambie mtu. Ama hakujua, ama alijua akakubali binti yake apoteze shamba kuliko wewe uambiwe neno hili uliloambiwa leo. Mimi sioni njia ya tatu."

Ukungu ukapita kati yao. Mzee alisugua jiwe la ukuta kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Alijua," alisema mwishowe. "Siku za mwisho alinishika mkono, akasema, Lewis. Hakuna aliyeniita Lewis tangu mama. Nikasubiri aseme jingine, hakusema." Machozi yalimtoka, naye akayaacha. "Angeniambia, ningeondoka siku hiyo hiyo. Mimi jeuri, bwana. Nisingekaa kwa mtu kama mbuzi wa kufugwa. Na yeye alinijua."

Lowri alifika anahema, koti mkononi. Hakumvisha. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

"Ya baba siyajui," alisema. "Yangu nayajua. Mimi jina lako kwenye karatasi nimelisikia leo. Huo uji nimekupikia miaka ishirini na minane, na nimekutukana kila asubuhi, bila karatasi. Wiki iliyopita nimepanga chumba Bala. Vitanda viwili. Cha pili ulidhani cha nani, cha Hartnoll?"

Mzee akamtazama. Akamtazama Meurig.

"Hakimu yuko lini?"

"Jumatatu."

"Basi mpaka Jumatatu sifi." Akanyoosha mkono mmoja nyuma, akitafuta tundu la koti. "Baada ya hapo nitashauriana na huyu mama."

"Hakuna cha kushauriana," alisema Lowri, akimfunga vifungo mpaka shingoni, "hufi."